Ngano za Mbali Barazani Mikindani: Shajara ya Mradi

Machi, mvua zikiendelea

Mradi ni wa kusoma kwa sauti visasili na ngano za mataifa mbalimbali, barazani, Mikindani, Jumamosi baada ya isha. Alhamisi imeachwa kwa sababu usiku wa kuamkia Ijumaa una shughuli zake. Sharti limewekwa tangu mwanzo: hadithi ya mbali haisomwi peke yake. Inakaa na ya huku Kusini, iwe ya Kimakonde, Kiyao, Kimwera, Kimakua au ya Waswahili wa pwani, na mbili hizo ndizo jozi ya usiku mmoja.

Msimu ni Juni hadi Septemba. Mvua inakuwa imekwisha, mpunga umeingia ndani, na korosho bado hazijaanza kudondoka. Ikishafika Oktoba humpati mtu wa kukaa barazani usiku wakati mabibo yanamngoja alfajiri.

Kwa sasa mvua inapiga bati na kurekodi hakuwezekani. Kazi ya masika ni ya mezani: kuchagua, kuandika kadi, kutafsiri, kuhesabu maneno.

Hesabu ya maneno si urembo. Msomaji anayesoma kwa utulivu, akipumua mahali pake, anakwenda maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Hadithi ya maneno 1,200 inachukua kama dakika kumi, na ya 2,400 inachukua ishirini. Zaidi ya hapo watoto wanalala na wakubwa wanaanza kuangalia simu. Kikomo cha hadithi ya kusomwa ni maneno 2,400, na ile ya kusimuliwa kwa mdomo haipimwi, msimulizi anaachiwa nafasi yake.

Machi, kadi

Kila hadithi inafunguliwa kadi ya manila, nusu ya A5, kabla ya kuingia kwenye rafu. Inaandikwa hivi: jina la hadithi; watu waliokuwa wakiisimulia; mahali; aliyeikusanya na mwaka; mwaka wa kuchapishwa na toleo; lugha ilizopitia hadi kufika kwenye Kiswahili; idadi ya maneno; namba ya ATU (inaelezwa hapa chini) kama ipo; na mstari wa mwisho, haki: nani mwenye maandishi.

Kinachoangusha hadithi nyingi kwenye kadi hii ni mstari wa pili. Vitabu vya watoto vinavyouzwa madukani vimejaa "hadithi za Afrika" zisizo na kabila, kijiji wala mwaka. Afrika si watu wamoja. Sungura asiye na kwao hawezi kuwekwa kwenye jozi, maana hujui unamlinganisha nani na nani. Hizo tunazirudisha, hata zikiwa na picha nzuri.

Mstari wa toleo nao una maana yake. Ndugu Grimm wa Ujerumani walichapisha juzuu ya kwanza ya ngano zao mwaka 1812, kisha wakaendelea kuzinyoosha hadi toleo la saba, 1857. Katika toleo la 1812 anayetaka Theluji Nyeupe auawe ni mama yake mzazi. Toleo la 1819 ndilo lililomgeuza kuwa mama wa kambo. Mtu akisimama barazani na kusema "Wajerumani wanasimulia hivi" bila kutaja toleo, amesema nusu ya jambo.

ATU ni orodha ya kimataifa ya aina za ngano. Aliianza Antti Aarne wa Finland mwaka 1910, akaipanua Stith Thompson wa Marekani mwaka 1928 na tena 1961, na Hans-Jörg Uther wa Ujerumani akaipanga upya mwaka 2004. Herufi tatu hizo ni za majina yao. Faida yake ni moja: ukiwa na namba, unampata ndugu wa hadithi yako katika nchi nyingine kwa dakika chache. Hasara yake ni kwamba ilijengwa zaidi kwa ngano za Ulaya. Ngano nyingi za huku hazina namba humo, na kuzisukumiza kwenye namba isiyo yake ni kuzikata miguu zitoshee kitanda. Palipo wazi pabaki wazi.

Kuhusu haki: sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inalinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Edward Steere, aliyekusanya ngano za Unguja, alifariki 1882; Karl Weule, Mjerumani aliyesafiri huku Kusini, 1926; Alice Werner, mfasiri wake wa Kiingereza, 1935. Maandishi yao yako huru. Lakini mfasiri naye ana haki yake. Ngano ya karne ya 19 iliyofasiriwa juzi kwa Kiswahili ina mwenyewe, na usipomwomba umeiba. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo ngano ya kijijini si kitu cha kuokota tu kwa kuwa haina jina la mtunzi.

Machi, mwishoni: jozi ya mtu wa mti

Hii ndiyo itakayofungua msimu, na ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi.

Upande wa Kusini: kisasili cha asili ya Wamakonde, kama kilivyo katika kitabu cha Weule cha safari yake ya 1906 kupitia Lindi, Masasi na Newala, naye alikinukuu kutoka kitabu cha padri Adams. Mtu mmoja anatoka porini, hajaoga, hajanyoa, anakula kidogo na kunywa kidogo. Anachonga kinyago cha mtu kwa mti wa porini, anakisimamisha nyumbani kwake. Kukicha kimekuwa mwanamke, anakuwa mkewe. Wanashuka Ruvuma kuoga, mtoto anazaliwa mfu. Wanavuka hadi bonde la Mbwemkuru, wa pili naye anazaliwa mfu. Wanarudi porini juu, Mahuta, na huko wa tatu anazaliwa, anaishi. Baba anawausia wanawe wazike wafu wao wima, kwa kumkumbuka mama aliyepata uhai akiwa amesimama, na wasijenge mabondeni karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti.

Anayeujua uwanda wa Makonde na umbali wa kufuata maji anaona mara moja kwamba kisa kinajibu swali la kweli: kwa nini watu wakae juu kwenye ukavu na mto uko chini? Chini kuna mbu na mbung'o. Msomaji asiliharakishe neno Mahuta. Barazani patakuwa na watu waliotoka Tandahimba.

Upande wa mbali: kitabu cha Wamaya wa K'iche', nchi ya Guatemala, kiitwacho Popol Vuh. Nakala iliyopo ni ya padri Francisco Ximénez, aliyeinakili mwanzoni mwa karne ya 18, nayo sasa iko kwenye maktaba ya Newberry, Chicago. Waumbaji wanajaribu kwanza udongo: mtu analainika kwa maji, hawezi kugeuza kichwa, anameng'enyeka. Wanajaribu mti. Watu wa mti wanatembea, wanasema, wanazaana, ila hawana moyo wala akili, na hawawakumbuki waliowaumba. Wanaangamizwa. Si mafuriko tu yanayowamaliza: mbwa wao, vyungu vyao na mawe yao ya kusagia vinawageukia na kuwalipizia siku zote vilipopigwa, kuunguzwa na kusugulishwa. Waliosalia wakawa nyani. Mwishowe binadamu anafinyangwa kwa unga wa mahindi, na huyo ndiye anayefaa.

Sehemu ya vyungu isomwe taratibu kuliko zote. Chungu kinapolalamika kwamba kilikuwa kikiunguzwa mdomo na uso, kila aliyewahi kuinjika anacheka, na kicheko hicho kinamfungulia mtu mlango wa kuingia Guatemala bila maelezo.

Kuna wa tatu tuliyemweka akiba kama muda utaruhusu, ni mfupi, maneno 300 hivi. Katika maandishi ya Snorri Sturluson wa Iceland, ya miaka ya 1220, mungu Odin na nduguze wawili wanakuta miti miwili ufukweni. Mmoja anaipa pumzi na uhai, wa pili akili na mwendo, wa tatu sura, usemi, masikio na macho. Ndio Ask na Embla, mume na mke wa kwanza.

Tofauti ndizo zenye uhondo. Kwa Wamaya mti ni kosa lililofutwa. Kwa watu wa kaskazini mti umeokotwa pwani, ukaja na maji. Kwa Mmakonde mti umechongwa na mkono wa mtu, si wa mungu, na ukapata uhai kwa kusimamishwa. Kwamba taifa lililokuja kujulikana duniani kwa uchongaji linaanza na mchongaji, hilo halihitaji kuelezwa barazani. Waachwe walione wenyewe.

Tahadhari iliyoandikwa nyuma ya kadi: maneno ya wazee yalitoka kwenye Kimakonde, yakaandikwa Kijerumani na padri Adams, yakanukuliwa na Weule (1908), yakafasiriwa Kiingereza na Alice Werner (1909), ndipo sasa yanaingia kwenye Kiswahili. Tena Weule naye alipowauliza wazee mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa, na muulizaji alikuwa Mjerumani aliyefuatana na askari. Mzee mwenye busara hasemi yote mbele ya askari. Kwa hiyo nakala yetu haiendi kuchapwa kabla ya kusomewa wazee wa Newala na Tandahimba. Wanachorekebisha kinaandikwa pembeni, pamoja na kile cha Weule, si mahali pake.

Aprili, mwanzo: jozi ya moyo ulioachwa nyumbani

Hapa upande wetu hauhitaji tafsiri. Steere alichapisha London mwaka 1870 ngano alizokusanya Unguja, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili, na kitabu kinapatikana bure kwenye intaneti kwa picha za kurasa. Ndiye huyo aliyewaongoza watu walioachiwa huru utumwani hadi Masasi mwaka 1876, kwa hiyo jina lake si geni huku.

Kisa ni cha kima na papa. Mkuyu umeota ukingoni mwa kilindi, kima anakula kuyu juu na kumtupia papa chini. Urafiki unakolea, papa anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya maji papa anafunua siri: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anasema ungesema mapema, sisi tukitoka huiacha mioyo yetu mitini. Papa anageuka, kima anaruka juu ya mkuyu, na alipoitwa tena anauliza kama amefanywa punda wa dobi. Punda wa dobi ni nani? Hapo hadithi ya pili inazaliwa ndani ya ya kwanza: simba mgonjwa, sungura mjumbe, punda anayeponea chupuchupu kisha anarudi mwenyewe. Simba anamuua, sungura anakula moyo na masikio, na alipoulizwa viko wapi anajibu kwamba punda yule hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili.

Kazi iliyofanyika kwenye maandishi ni tahajia tu. "Killa" imekuwa "kila", alama zimepangwa upya, mazungumzo yamepewa mistari yake. Maneno ya zamani hayakuguswa. Kishawishi cha kuyalainisha ni kikubwa na matokeo yake ni mabaya: ngano inapoteza mwendo, inasikika kama taarifa ya habari.

Ndugu wa kima huyu ni wengi, na bahari ndiyo njia yao. Namba ni ATU 91, na ya punda ni 52. Katika Panchatantra ya India, kitabu cha nne, kima anakaa kwenye mti wa jambu, jamii moja na zambarau, rafiki yake ni mamba, na anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Kisa cha punda kimo humohumo, kikiwa na mbweha mahali pa sungura. Katika Jataka za Kibuddha kima anaonyesha mtini matunda yanayoning'inia na kusema ile ndiyo mioyo. Kitabu cha India kikafasiriwa Kiajemi karne ya 6, na Ibn al-Muqaffa akakileta kwenye Kiarabu karne ya 8 kwa jina la Kalila na Dimna, ambamo rafiki wa kima ni kobe. Upande wa mashariki, historia ya Korea iliyoandikwa 1145 inasimulia kobe aliyembeba sungura kwenda kwa Mfalme wa Bahari, na kinachotakiwa huko si moyo, ni ini.

Hatukuchukua zote. Jozi yenye pande tano ni somo la chuo. Usiku huo utakuwa na Unguja na Korea, ncha mbili za njia, na India itatajwa kwa sentensi mbili katikati. Sungura wa Korea amechaguliwa kwa makusudi: barazani wanamjua sungura kama mwerevu anayewatia wenzake mashakani, na sasa watamwona yeye mwenyewe akiwa juu ya mgongo wa kobe, kilindini, akitafuta maneno.

Msomaji asimame kidogo kwenye swali la punda wa dobi, aweke kitabu chini, anywe maji. Kusimama kokote mahali pengine kunaua kisa.

Aprili, katikati

Uamuzi: gharika ya utenzi wa Gilgamesh, wa Iraki ya kale, haiingii msimu huu. Ni ubao wa udongo wa 11 kati ya 12, ulisomwa upya na George Smith mwaka 1872 kutoka kwenye mabaki ya maktaba ya Ashurbanipal wa Ninawi, na ni kati ya vitu vizito kabisa vilivyoandikwa na binadamu. Lakini jozi yake ya wazi ni habari ya Nuhu, na Kurani na Biblia hazipangwi kwenye rafu ya visasili katika baraza hili. Tutasoma safari ya msitu wa mierezi ya Gilgamesh na rafiki yake Enkidu, nayo ina jozi nzuri katika hadithi za misitu ya huku.

Uamuzi mwingine: hadithi za Koyote, mnyama wa jamii ya mbwa, za Wanavajo wa Marekani hazisomwi Juni hadi Septemba. Wenyewe huzisimulia wakati wa baridi tu, kati ya umande wa kwanza wa barafu na radi ya kwanza. Huku nako ngano ni za usiku, na mzee akikataa kusimulia mchana haulizwi sababu. Kadi zao ziko tayari, zitangoja.

Aprili, mwishoni: Kilwa

Hii si ngano, ni kisakale, na kadi yake ni ya rangi nyingine. Katika historia ya Kilwa, ile ya Kiarabu iliyochapishwa na Arthur Strong mwaka 1895 na ile aliyoitumia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha 1552, mgeni kutoka Shirazi anainunua Kilwa Kisiwani kwa nguo. Katika masimulizi ya Kiarabu nguo zinatosha kukizunguka kisiwa kizima. Mwenye kisiwa anahamia bara akiwa na nia ya kurudi kuua na kupora, lakini mlango wa bahari uliokuwa ukivukika kwa miguu wakati wa kupwa unachimbwa, maji yanajaa na hayatoki tena.

Jozi ni Dido wa Karthago, Tunisia ya leo, kama alivyoelezwa na waandishi wa Kirumi, Virgil na Justin. Anaomba ardhi ya kutosha ngozi ya ng'ombe dume, kisha ngozi inakatwa vipande vyembamba na kuzungushwa mlima mzima. ATU 2400. Tofauti ndiyo ya kuzungumziwa: kule mnunuzi ni mjanja na muuzaji amepunjwa, huku bei imelipwa kweli, na hila iko upande wa muuzaji. Aliyeandika historia ya Kilwa alikuwa upande gani? Swali hilo linatosha usiku mzima.

Ramani ya mlango wa Kilwa ichorwe kwa chaki kabla ya kuanza. Wasikilizaji wa pwani hawakubali bahari isiyoelezwa: upana, kina, kupwa kukoje.

Mei, wiki ya kwanza: urimbo

Jozi rahisi kuliko zote, na itapendwa kuliko zote. Sungura anaiba shambani au kisimani, wanyama wanamtega kwa sanamu iliyopakwa urimbo, anaisalimu, haimjibu, anaipiga ngumi, mkono unanata, wa pili, mguu, kichwa. ATU 175. Kwa Waashanti wa Ghana, katika mkusanyo wa R. S. Rattray wa 1930, Anansi buibui ndiye mtegaji: anataka kununua hadithi zote kwa Nyame, mungu wa mbinguni, na sehemu ya bei ni kumleta Mmoatia, kizimwi wa porini, ambaye anamnasa kwa mwanasesere wa ulimbo. Watumwa waliivusha Atlantiki, na Marekani ikachapishwa 1880 ikiwa na sungura na lami.

Tatizo ni moja: watoto wa mjini hawajauona urimbo. Utomvu wa mfenesi ukichemshwa na mafuta kidogo hadi uvutike unatosha kuonyesha. Uje kwenye kifuu, ushikwe na mtu mzima, na mafuta ya taa yawe karibu ya kusafishia vidole, kwa sababu sabuni pekee haiuondoi.

Mei, uchapaji

Kila jozi inatolewa kijitabu cha A5, kurasa 16, yaani karatasi nne za A4 zilizokunjwa. Herufi ni pointi 14, kwa sababu taa ya sola ya mezani haimtoshi mzee kwa pointi 11. Ukurasa wa namna hiyo unabeba maneno 180 hadi 200. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ikizidi ukurasa mmoja, umejipatia kurasa tatu tupu.

Mpangilio wa karatasi ya kwanza: nje 16 na 1, ndani 2 na 15. Ya pili: 14 na 3, kisha 4 na 13, na kuendelea. Kwenye mashine ya kopi karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, ama sivyo upande wa pili unatoka kichwa chini. Toeni nakala moja, ikunjwe na isomwe yote kabla ya kuruhusu nyingine. Steshenari nyingi zinakubali hilo mkikubaliana mapema.

Mambo ya pwani: wino wa maji unavuja kwenye unyevu, kwa hiyo ni mashine ya tona tu. Rimu isifunguliwe mpaka siku ya kazi, karatasi ikishanyonya unyevu inajikunja na kukwama kwenye mashine. Pini za stepla zinashika kutu kwa chumvi ya bahari na kula karatasi, hivyo vijitabu vinashonwa. Matundu matatu kwa msharasi wa fundi viatu: moja katikati ya mkunjo, mengine sentimita 3 kutoka kila ncha. Uzi wa cherehani unakata karatasi. Uzi mnene wa viatu uliopakwa nta haukati. Anzia tundu la katikati kwa ndani, toka nje, ingia la juu, ruka hadi la chini kwa ndani, toka, rudi katikati, funga fundo juu ya mshono mrefu.

Rafu imesogezwa mbali na ukuta upana wa kiganja, miguu yake iko ndani ya makopo yenye oili chafu. Mchwa wa Mikindani hawabishi hodi.

Mei, mwishoni: kurekodi

Bati limenyamaza. Wasimulizi wa upande wa Kusini wanarekodiwa kabla ya msimu, ili kama mtu hataweza kufika siku yake, sauti yake iwepo.

Simu ya kawaida inafaa, mradi programu iwe ya kurekodi WAV. Muundo wa simu wenyewe unabana sauti na kutupa sehemu ambazo kwa lugha kama Kimakonde, yenye toni, ndizo zinazohitajika. Mpangilio ni kilohezi 48, biti 24, mono: takriban megabaiti 520 kwa saa. Nafasi ikiwa finyu, 44.1 na biti 16 inashuka hadi 320. Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele, ili herufi "p" na "b" zisipasue. Sponji ya kuogea iliyotobolewa inazuia upepo wa kusi. Simu iwe kwenye hali ya ndege. Feni izimwe, friji ichomolewe, na jogoo apelekwe kwa jirani.

Msimulizi asianze mbele ya kipaza sauti peke yake. Ngano haisimuliwi kwa ukuta. Bila watu watatu au wanne wa kuitikia, msimulizi anakata nyimbo na kufupisha, na nyimbo ndizo mfupa wa ngano nyingi za huku. "Paukwa" lazima ipate "pakawa" yake.

Majina ya faili: mahali, lugha, namba. Lugha kwa alama za kimataifa: kde Kimakonde, yao Kiyao, mwe Kimwera. Nakala tatu: kwenye simu, kwenye diski, na moja nje ya Mikindani. Kuandika kilichorekodiwa kunakula saa nne hadi sita kwa saa moja ya sauti, na zaidi kwa lugha ambayo mwandikaji hajazoea kuiandika. Kinachosikika ndicho kinachoandikwa. Kiswahili kikitokea katikati ya Kimakonde kinabaki palepale, kwa sababu msimulizi alikiweka kwa sababu yake.

Mpaka usiovukwa: mafundisho ya jando na unyago, na yanayohusu siri ya mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hayarekodiwi hata mwenyewe akijitolea. Msimulizi husikilizishwa sauti yake yote kabla ya kuondoka, na anachotaka kifutwe kinafutwa hapohapo mbele yake. Ridhaa inatolewa kwa sauti mwanzoni mwa faili: jina litajwe au lisitajwe, isomwe barazani tu au ichapwe pia.

Juni, kabla ya Jumamosi ya kwanza

Utaratibu wa usiku umewekwa. Ya huku inaanza, kwa mdomo. Ya mbali inafuata, kwa kitabu. Kinyume chake kimekataliwa: hadithi ya kitabuni ikitangulia, msimulizi anayefuata anaanza kuinamisha ya kwake ifanane nayo, au anaona haya kwa kuwa ya kwake ni fupi. Vitu visivyokuwepo huku, kama theluji, mierezi na dubu, vinaelezwa kwa sentensi moja moja kabla ya kusoma, si katikati. Baada ya hapo maswali mawili, yasizidi matatu, na lisiwepo la "tunajifunza nini". Likiulizwa hilo tu, watoto wanajibu kama darasani na mazungumzo yamekwisha.

Zilizo tayari: mtu wa mti, Kilwa na Karthago, urimbo. Abunuwasi na sufuria iliyozaa, pamoja na ndugu yake Nasreddin wa Uturuki, vimetafsiriwa lakini havijashonwa. Ya Korea, inayokaa na kima na papa, imefasiriwa kupitia Kiingereza, na anatafutwa mtu anayesoma Kikorea wa kupitia sehemu moja tu: maneno ya sungura mbele ya Mfalme wa Bahari. Hadi apatikane, kijitabu cha pili kinakaa bila kuchapwa, na Julai inaanza na Kilwa.

Upande wa wazee, masahihisho kutoka Newala yamefika. Tandahimba bado. Nakala ya mtu wa mti imeachiwa ukingo wa sentimita 4 kila ukurasa kwa ajili yao.